Gunpei Yokoi: Fundi wa Mashine za Karata Aliyewekea Dunia Nzima Gemu Mfukoni

Siku ingine ukiingia kwa ile base ya gemu hapo mtaani, kabla beshte yako aanze kukufunga mabao, angalia pedi yenye umeshika. Cheki kidole gumba chako cha kushoto. Hapo chini yake kuna mishale minne imepangwa kama msalaba: juu, chini, kushoto, kulia. Umeibonyeza mara ngapi tangu uwe mtoi? Huwezi hesabu. Na naweza bet hujawahi kujiuliza nani aliiweka hapo.

Huyo msee anaitwa Gunpei Yokoi. Ni mtu wa Kyoto, Japani, na alikufa 1997, pengine hata kabla uzaliwe. Stori yake si ya tajiri mwenye maabara kali na mashine za kisasa. Ni ya fundi aliyekuwa anachukua vitu zenye watu wameshazoea, vitu za bei ya chini, halafu anakaa chini kujiuliza zinaweza kufanya nini ingine. Kama uko na kasimu ka bei rahisi na mawazo mob kichwani, keti hapa tubonge.

Aliajiriwa kuchunga mashine

Yokoi alizaliwa 10 Septemba 1941. Alisomea elektroniki kwa Chuo Kikuu cha Doshisha, hapo hapo Kyoto. Hakuwa yule mwanafunzi wa kubeba zawadi kila muhula. Alipomaliza, makampuni makubwa ya elektroniki hayakumchukua, na 1965 akaishia kwa kampuni moja karibu na nyumbani. Kampuni yenyewe ilikuwa Nintendo.

Najua ukisikia Nintendo unafikiria Mario na Pokémon. Futa hiyo kwanza. Mwaka wa 1965 Nintendo ilikuwa kampuni ya karata. Ilianzishwa 1889 ikitengeneza hanafuda, karata za Kijapani zenye picha za maua, na karibu miaka 80 baadaye bado hiyo ndiyo ilikuwa inaleta unga. Yokoi hakuajiriwa abuni kitu chochote. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha mashine za kutengeneza karata zinazunguka. Zikisimama, anaitwa. Zikizunguka poa, hana la kufanya.

Na mashine zilikuwa zinazunguka poa siku nyingi. Sasa chukulia wewe ndiye umelipwa kukaa hapo, vifaa vya kiwanda viko karibu, na bosi haonekani. Ungefanya nini? Yokoi alianza kuunda vitu vyake vya kujipa raha. Kimoja kilikuwa mkono wa kurefuka. Vipande vimeunganishwa vikikatana kama mikasi iliyofuatana. Ukibana mishikio, mkono unatoka mbele na kushika kitu ng'ambo ya chumba. Ukiachilia, unarudi.

Siku moja rais wa kampuni, Hiroshi Yamauchi, akapita hapo na kumwona akichezea hiyo kitu. Yamauchi hakuwa bosi wa kuchekeana naye. Alishika kampuni 1949 akiwa kijana wa miaka ishirini na kidogo, na alikuwa anaogopwa. Akaagiza Yokoi aende ofisini. Jamaa akapanda huko akijua kimeumana, ameshikwa akicheza saa ya kazi.

Kumbe Yamauchi alikuwa ameona doh. Alimwagiza ageuze ule mkono uwe kichezeo cha kuuza. Mwaka wa 1966 ukaingia sokoni ukiitwa Ultra Hand, na Nintendo ikauza zaidi ya milioni moja. Fundi wa mashine akatolewa kwa mashine, akapewa kazi mpya ya kufikiria vichezeo.

Cheki hapo kitu kimoja kabla tuendelee. Ultra Hand haikuwa na betri, waya, wala taa. Mkasi wa kurefuka ulikuwa unajulikana tangu zamani. Kile kilikuwa kipya ni kwamba kuna msee aliangalia mkasi akaona mkono.

Mashine ya kushikia dem mkono

Baada ya hapo Yokoi hakutulia. Mwaka wa 1969 akatoa Love Tester, kipima mapenzi. Unashika kibonge cha chuma upande mmoja, dem anashika kingine, halafu mikono yenu yenye imebaki mnashikana. Mshale kwa mashine unapanda kuonyesha mnapendana kiasi gani.

Ndani yake kulikuwa na nini? Kifaa cha kupima umeme, kile chenye mwanafunzi yeyote wa elektroniki alikuwa anakijua. Umeme kidogo sana unapita mwilini mwenu. Mikono ikitoka jasho, unapita rahisi zaidi, na mshale unapanda. Basi! Na Yokoi mwenyewe alikubali baadaye kwamba alikuwa anatafuta tu kisingizio cha kushika wasichana mkono. Ukifikiria vizuri, mashine haikuwa inapima mapenzi, ilikuwa inayasababisha. Wawili walioogopa kuangaliana sasa wamepewa ruhusa ya kushikana mbele ya watu, wanacheka, wanatoa jasho, na mshale unazidi kupanda.

Halafu kuna ile ya 1972 yenye mimi hunichekesha mpaka leo. Wakati huo magari ya rimoti yalikuwa bei ghali Japani, ya watoto wa mabwenyenye. Kilichofanya yawe ghali ni vifaa vya redio vya kuamrisha gari liende huku na huku. Yokoi akaanza kutoa kitu kimoja kimoja hadi akabaki na amri moja pekee. Gari lake, Lefty RX, lilikuwa linaenda mbele na kukata kushoto. Kulia halikuwa linaenda.

Utasema ni upuzi. Lakini hebu fikiria mashindano ya magari kwa uwanja wa mviringo. Ni kona gani wanakata? Kushoto, kushoto, kushoto hadi mwisho. Watoto wa kawaida wakapata gari la rimoti lenye mzazi wa kawaida anaweza kulipa, na mbio zikawa mbio.

Hapo ndipo unaona vile kichwa chake kilikuwa kinafanya kazi. Baadaye aliipatia hiyo njia jina. Kwa Kijapani ni maneno marefu, lakini kwa lugha yetu ni kama kufikiria kando ukitumia teknolojia iliyonyauka. Iliyonyauka haimaanishi mbovu. Ni kama jani lililokauka: haina tena ile ung'aavu wa upya, haitangazwi na mtu, bei imeshuka, na kila fundi anaijua ndani nje, pamoja na shida zake zote. Kufikiria kando nayo ni kuitoa mahali imezoeleka na kuipeleka mahali hakuna mtu aliwaza.

Msee wa kalkuleta kwa treni

Ilifika mwisho wa miaka ya sabini. Sharp na Casio zilikuwa zimepigana vita ya kalkuleta kwa miaka kadhaa, kila mmoja akishusha bei na kupunguza saizi. Matokeo? Skrini ndogo za kioo na chipu za kalkuleta zikawa rahisi kama njugu.

Yokoi alikuwa ameketi ndani ya ile treni ya kasi ya Japani, akirudi nyumbani jioni. Akaona jamaa wa ofisi, suti na tai, amechoka safari. Jamaa ametoa kalkuleta na anabonyeza bonyeza tu ovyo. Hahesabu chochote, anaua taimu. Wasee wengine kwa hilo behewa waliona mtu na kalkuleta. Yokoi aliona mtu mzima anayetaka kucheza lakini anaona aibu kuonekana akicheza.

Wazo lingeweza kufa hapo. Lakini siku moja dereva wa Yamauchi alikuwa mgonjwa, na gari la bosi lilikuwa la Marekani, usukani uko kushoto. Yokoi alikuwa anaweza kuliendesha, kwa hivyo akatumwa awe dere. Njiani, kwa kutafuta tu cha kusema, akamwambia bosi kuhusu kagemu kadogo kama kalkuleta, kenye mtu anaweza kuficha ndani ya viganja. Bosi hakuonyesha kama amesikia. Kumbe kwa mkutano wenye walikuwa wanaenda, Yamauchi aliketi karibu na mkubwa wa Sharp na kumpa hiyo stori. Haikuchukua muda mrefu kabla watu wa Sharp wafike Nintendo kumtafuta Yokoi.

Aprili 1980 ndiyo Game & Watch ya kwanza ikatoka, ikiitwa Ball. Ilikuwa na mtu mmoja anayerusha mipira, mabatani mawili na saa pembeni. Picha zote zilikuwa tayari zimechorwa kwa kioo, na mashine ilikuwa inaziwasha na kuzizima tu, vile namba za kalkuleta zinawaka na kuzima. Mpira haukuwa unasonga kabisa. Ulikuwa unazima hapa na kuwaka pale, na akili yako ndiyo ilikuwa inaubeba kutoka hapa hadi pale. Game & Watch zilitoka za aina tofauti karibu 60, na kwa jumla zikauzwa zaidi ya milioni 43 duniani.

Msalaba unazaliwa

Mwaka wa 1981 Nintendo ilikuwa na shida Marekani. Mashine kibao za gemu moja inayoitwa Radar Scope zilikuwa zimelala ghalani bila wanunuzi. Yamauchi akapatia kazi kijana mmoja mchoraji, Shigeru Miyamoto, abuni gemu mpya ya kuwekwa ndani ya mashine hizo hizo. Yokoi akawekwa amsimamie. Kutoka hapo ikazaliwa Donkey Kong, yenye sokwe na fundi anayeruka mapipa. Yule fundi ndiye leo unamwita Mario.

Na baadaye walipokuwa wakiunda Mario Bros., Miyamoto hakuwa sure kama mtu anaweza kuanguka kutoka juu kabisa na kuinuka kama hakuna kitu. Yokoi ndiye alimsukuma aache uhalisia. Hii ni gemu, kwani lazima mtu avunjike mguu? Kila mara ukimwona Mario akiruka kutoka ghorofani na kuendelea na safari yake, hiyo ruhusa ilitoka hapo.

Sasa ikafika 1982, wanataka kuweka Donkey Kong ndani ya Game & Watch ya kukunjika. Shida ikawa moja. Kwa mashine kubwa ulikuwa unaongoza kwa kifimbo kilichosimama. Kifimbo kikisimama, mashine haifungi, na mfukoni haiingii. Yokoi akalaza kila kitu chini. Akatengeneza batani moja lenye umbo la msalaba, linalobonyea upande wowote utakaogusa, na limeinuka kidogo ili kidole kijue kiko wapi bila macho kuangalia.

Mwaka uliofuata Nintendo ikaweka msalaba huo kwa mashine yake ya nyumbani, Famicom. Kutoka hapo kila kampuni ikatafuta njia yake ya kuwa na kitu kama hicho. Hiyo mishale minne kwa pedi yako ni watoto wa hiyo shida ndogo ya mfuko.

Kwa nini Game Boy haikuwa na rangi

Sasa tufike kwa kitu chenyewe. Tarehe 21 Aprili 1989, Game Boy ikaanza kuuzwa Japani. Timu ya Yokoi, akiwemo injinia Satoru Okada, ndiyo iliiunda, na si eti walikubaliana kila kitu. Okada alikuwa anataka mashine yenye nguvu zaidi ya kichezeo tu, na gemu za kubadilisha, na mabishano yao ndiyo yaliipika hadi ikaiva.

Ukiiangalia leo unaweza kuicheka. Imekaa kama tofali. Skrini yake ni kijani ya supu ya mboga, na vivuli vinne tu vya hiyo kijani. Haina taa ndani, kwa hivyo usiku unatafuta stima ya kuchezea chini yake. Na mwaka huo huo Atari ikatoa Lynx, yenye rangi kamili na taa ndani ya skrini. Mwaka wa 1990 Sega nayo ikaleta Game Gear, rangi tupu. Kwa karatasi, Yokoi alikuwa amechapwa.

Inasemekana watu wake walipomletea habari kwamba mpinzani ametoa mashine ya mkononi, aliuliza kitu kimoja tu: iko na rangi? Alipoambiwa ndiyo, akatulia. Unajua kwa nini? Alikuwa amepiga hesabu ya betri. Lynx na Game Gear kila moja ilikuwa inakula mawe sita ya tochi, na baada ya saa nne au tano hivi yameisha. Game Boy ilikuwa inatumia manne na inapita saa 10 bila wasiwasi. Lynx ilianza kuuzwa Marekani kwa karibu dola 180. Game Boy ilikuwa karibu dola 90. Mtoi mwenye rangi alikuwa anacheza hadi betri inamlaza. Mtoi mwenye kijani alikuwa bado anacheza, na mathe hajaombwa pesa ya mawe mengine.

Lakini betri haikuwa sababu pekee. Yokoi alikuwa na wazo kuhusu macho ya mtu, na ndilo nataka ubebe kutoka kwa hii stori. Alieleza kwa mfano wa yule mtu wa theluji, yule unamwonanga kwa muvi za Krismasi. Ukichukua chaki na kuchora duara mbili kwa ubao mweusi, moja juu ya ingine, na kumwambia mtu huyo ni mtu wa theluji, ataona weupe wa theluji. Hakuna theluji hapo. Kuna mistari miwili ya chaki. Weupe ameuleta yeye mwenyewe kutoka kichwani.

Hiyo ndiyo ilikuwa imani yake. Gemu ikishakushika, rangi unapaka wewe. Nyasi za kijani kibovu zinakuwa nyasi, na nukta nane zinakuwa upanga. Mtu wa gemu akikupa kila kitu tayari, amekuacha ukiangalia tu. Akikupa kidogo chenye kimekaa vizuri, amekuachia nafasi ya kuingia.

Marekani, Game Boy ilikuwa inauzwa ikiwa na Tetris ndani, ile gemu ya matofali yanayoanguka iliyobuniwa na Alexey Pajitnov kule Moscow 1984. Kama umekulia mtaani miaka ya nyuma, pengine uliona vile vigemu vya plastiki vya matofali vilivyokuwa vinauzwa na wachuuzi. Havikuwa Game Boy, lakini mzuka ulikuwa ule ule: skrini isiyo na rangi, mawe mawili, na foleni ya watoi wakingoja zamu. Hakuna mtu alikuwa analalamika rangi.

Halafu hiyo tofali haikuwa inakufa. Mwaka wa 1993 mwanaanga wa Urusi, Aleksandr Serebrov, aliibeba hadi angani akacheze Tetris akizunguka dunia. Kuna nyingine iliyoungua kwenye Vita vya Ghuba, plastiki yake ikayeyuka na kuwa nyeusi. Kwa miaka mingi ilikuwa imewekwa kwa duka la Nintendo New York, na ilikuwa bado inawaka.

Ukijumlisha Game Boy na ndugu yake wa rangi aliyekuja baadaye, ziliuzwa zaidi ya milioni 118. Game Gear iliuza kama milioni 10 hivi.

Wadudu kwa waya

Kuna kitu kingine kidogo kwa hiyo mashine chenye watu wengi walikipuuza. Game Boy ilikuwa na tundu la waya. Unaunganisha yako na ya beshte yako, mnacheza pamoja. Kwa miaka ya kwanza, waya huo ulikuwa wa kushindana tu.

Kulikuwa na kijana anaitwa Satoshi Tajiri, aliyekuwa akikusanya wadudu utotoni. Siku moja akiangalia huo waya, akawaza wadudu wakitambaa ndani yake kutoka mashine moja hadi ingine. Si kupigana, ni kubadilishana: nipe wako, nikupe wangu. Februari 1996 wazo hilo likatoka likiwa Pokémon. Game Boy ilikuwa na miaka karibu saba, wengi wakiiona imezeeka, na Pokémon ikaifufua. Yaani wakati huo Game Boy yenyewe ilikuwa teknolojia iliyonyauka, na mtu mwingine akaifikiria kando vile Yokoi alikuwa amefanyia kalkuleta.

Siku nyekundu

Sasa usifikirie kila kitu alichogusa kiligeuka dhahabu. Mwaka wa 1995 Yokoi akatoa Virtual Boy. Hiyo ilikuwa kama miwani mikubwa iliyosimama mezani kwa miguu miwili. Unainamia, unaweka macho ndani, na unaona dunia yenye kina, vitu vya mbali na vya karibu. Lakini yote ni nyekundu juu ya giza. Alitumia taa nyekundu kwa sababu zilikuwa bei rahisi na hazikuwa zinakula umeme.

Umeona shida? Alifuata mkondo wake ule ule: teknolojia rahisi, wazo la kando. Na bado ikaanguka vibaya. Watu walikuwa wanaumwa na kichwa na macho. Shingo inachoka kuinama. Haikuwa ya kubeba mfukoni, haikuwa ya kuchezea kwa TV. Na kubwa zaidi, hakuna mtu aliyeketi kando yako angeweza kuona kile unaona. Fikiria base ya gemu yenye kila mtu amefunga macho ndani ya sanduku lake, hakuna wa kupiga kelele ukikosa bao. Gemu 22 tu ndizo zilitoka, mashine zikauzwa kama 770,000, na haikumaliza hata mwaka mmoja kabla Nintendo iizime.

Ndiyo maana mimi huwa sikubali wale wanasema funzo la Yokoi ni kwamba rahisi hushinda. Rahisi haishindi peke yake. Love Tester ilikuwa rahisi na ikaleta watu wawili karibu. Virtual Boy ilikuwa rahisi na ikamfungia mtu mmoja gizani. Tofauti ilikuwa kwa mtu aliyeshika mashine, kile inamfanyia.

Agosti 1996, baada ya miaka 31, Yokoi akaondoka Nintendo. Stori za mtaani zikasema amefukuzwa kwa sababu ya Virtual Boy. Mwenyewe alikana, akaeleza kwamba kutoka akifika umri wa miaka hamsini na kitu ulikuwa mpango wake wa kitambo. Kabla aende, kulitoka Game Boy Pocket, nyembamba na nyepesi, skrini safi zaidi. Halafu akafungua kakampuni kake Kyoto, Koto Laboratory, akaanza tena na timu ndogo, na kusaidia kampuni ya Bandai kuunda mashine mpya ya mkononi.

Barabarani

Tarehe 4 Oktoba 1997, Yokoi alikuwa ndani ya gari na mwenzake kwa barabara kuu ya Hokuriku, mkoa wa Ishikawa. Gari lao likagongana na lori. Haikuwa ajali kubwa, na wakashuka kuangalia wameharibu nini. Wakiwa hapo nje, gari lingine likaja na kumgonga Yokoi. Alifariki akiwa na miaka 56.

Ile mashine ya Bandai ilitoka Machi 1999, mwaka mmoja na nusu baada ya kifo chake. Iliitwa WonderSwan. Skrini haikuwa na rangi. Ilikuwa inatumia jiwe moja tu la tochi, na hilo jiwe moja lilikuwa linapeleka gemu zaidi ya saa 30. Kati ya gemu zake za kwanza kulikuwa na fumbo moja la kupanga mistari hadi iungane kutoka upande mmoja wa skrini hadi mwingine. Wenzake waliipa jina la Gunpey, kumkumbuka.

Mwaka wa 2003 waunda gemu wa dunia walimpa tuzo ya maisha. Hakuwa hapo kuipokea.

Sasa rudi kwa ile pedi. Najua kuna kitu unangoja. Unangoja upate kompyuta ya nguvu ndiyo uanze kuunda gemu, ama simu yenye kamera kali ndiyo uanze kuchora ama kutoa hizo stori ziko kichwani. Sikulaumu, vitu ni ghali. Lakini leo jioni ukifika keja, fungua ile droo yenye unatupanga vitu za kitambo. Kuna simu ya zamani ya mabatani hapo. Kuna kalkuleta ya shule ya upili, na pengine waya moja yenye hujui ilikuwa ya nini. Zitoe, ziweke mezani, uziangalie vile Yokoi alimwangalia yule jamaa wa treni. Halafu utuambie umeona nini.